Kigingi cha Karani

Mafundi wa makochi nimewaona wengi, maana mimi ni mtu wa kutembeatembea na miguu yangu haipendi mtaa mmoja. Wengi wao ukiwapelekea kochi bovu wanalizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, wanalipiga teke la pembeni, halafu wanakutajia bei. Huyu ninayetaka kumwelezea alikuwa analikalia kwanza. Analikalia hivyo hivyo lilivyo, springi zinamchoma makalio, anatulia kama mgeni aliyesubirishwa chai. Kisha ndipo anasema, "Haya, nimekusikia," analiambia kochi, si wewe.

Tulimwita Kiitikio. Jina hilo halikutoka kwa mama yake, lilitokana na nyimbo. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakitunga nyimbo pamoja kwa miaka mingi, na katika wimbo mzima yeye alitunga mstari mmoja tu, ule wa kurudiwa, ambao watu wote wanaitikia. Beti hakuziweza. Ukimpa ubeti autunge anatoka jasho kama anayebeba kabati. Lakini kiitikio! Alikuwa anapigilia kitambaa kwenye mbao, mdomo umejaa misumari midogo, maana mafundi wa kazi ile huiweka mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Basi utamsikia anaunguruma "mmm, mmm" huku nyundo ikienda, halafu ghafla anatema misumari yote kiganjani na kusema mstari. Ukishausikia, umekwisha. Utakwenda nao nyumbani, utalala nao, mkeo atakuuliza unaimba nini.

Wa pili alikuwa Karani. Huyu alikaa ofisi ya maji mpaka akastaafu, mtu mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo hata jua likiwa kali la kukausha mawe. Yeye ndiye aliyetunga beti. Alihesabu mizani kwa vidole juu ya goti, na ukikosea silabi moja alikuangalia kama umemkanyaga.

Wa tatu, Dobi. Alikuwa mama mjane, mkono wa kulia umekomaa kwa pasi ya mkaa, ulimi umekomaa zaidi. Chumba chake cha kufulia na karakana ya Kiitikio vilitenganishwa na ukuta wenye mlango usiofungika, kwa hiyo harufu ya nguo zilizopigwa pasi na harufu ya gundi ya sponji zilikaa pamoja kama mume na mke waliozoeana. Dobi ndiye mwenye sauti, namaanisha ndiye aliyezaa tuni. Tuni zake zilikwenda na pasi: ikienda mbele ndefu, ikirudi fupi, kwenye kola zinapinda. Marehemu mumewe alikuwa rafiki wa Karani, ndiyo maana Karani alimwita shemeji, na yeye akamtania Karani alivyotaka.

"Shemeji," atamwambia, "hicho kifungo cha shingo siku moja kitakuua."

"Kitaniua nikiwa nadhifu," Karani atajibu. "Wewe shughulika na shati langu."

Mke wa Kiitikio, kabla hajahamia kwa binti yao mkubwa kulea wajukuu, alikuwa akipita pale na kikapu na kuwacheka. "Watu wazima watatu," anasema, "mnazaa mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe hana jina la baba."

Na ilikuwa kweli. Bendi zilikuja zikachukua nyimbo zile, zikapigwa ukumbini, watu wakacheza mpaka soli zikabanduka, na hakuna aliyejua zimetoka kwenye chumba chenye vumbi la sponji. Halafu bendi nazo zikafa, moja baada ya nyingine. Mpiga gita wa ile ya mwisho aliuza gita akanunua pikipiki. Vijana wa sasa wana mashine zao na maneno yao, siwalaumu. Lakini hawa watatu waliendelea. Kila Jumamosi alasiri, Karani kwenye kochi la mteja yeyote aliyekuwa amechelewa kulichukua, Dobi mlangoni na pasi yake, Kiitikio na nyundo. Mimi niliketi kwenye kibao kando ya mlango. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza, na naifahamu vizuri.

Walikuwa na sheria zao mbili. Ya kwanza: mstari hausemwi mpaka wote watatu wawepo. Hii ilitokana na ugomvi wa zamani, siku wanaume wawili walipomaliza wimbo Dobi akiwa amekwenda kuzika kwao. Aliporudi wakamwimbia kwa furaha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzuri. Sasa utafutieni tuni," akachukua tuni yake akaenda nayo. Hakuirudisha hata walipompigia magoti. Akawaambia chungu kinakaa juu ya mafiga matatu, wao wapike kwenye mawili waone supu itakavyomwagika.

Sheria ya pili ilikuwa ya vigingi. Mnajua mtu anayejenga: kabla hajapata tofali, anapigilia vigingi vinne ardhini, anafunga kamba, ajue nyumba itakaa wapi. Karani naye alifanya hivyo. Ubeti ukiwa na mstari ambao hajaupata, hakuuacha wazi, alipigilia kigingi: mstari wowote wa kipuuzi, bora mizani na vina vitimie, ili Dobi aweze kuendelea na tuni. Baadaye anaking'oa na kuweka mstari wa kweli. Na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Kigingi hung'olewa na aliyekipigilia. Vigingi vyake vilituchekesha kuliko vichekesho vya redioni. Mtu mkavu vile, huwezi kudhani vinatoka kwake.

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa mtu anayegonga mlango. Amerudi nyumbani baada ya kupotea miaka, anagonga, hafunguliwi. Beti nzima nzima anagonga na kueleza alikokuwa. Kiitikio alikuwa ametoa mstari wake mapema, siku ile anapigilia kiti cha kinyozi, na naukumbuka kama jana: *Nifungulie mwenzangu, huku nje kuna baridi.* Dobi aliposikia aliweka pasi chini, juu ya chuma chake, akajifuta macho kwa kona ya kanga, akasema ni moshi wa mkaa.

Ubeti wa mwisho ndio uliokuwa mlango wenyewe. Hapo, baada ya kugonga kote, yule wa ndani anajibu. Karani alikuwa ameutunga hivi:

*Nimegonga peke yangu, kuondoka sina budi,*
*Ndani ya nyumba ya kwangu, sauti ikanirudi:*
*Mbuzi kala shuka langu, na sabuni akazidi.*
*Nifungulie mwenzangu, huku nje kuna baridi.*

Mstari wa tatu, bila shaka mmeona, ni kigingi. Alikipigilia makusudi kumchokoza Dobi, kwa sababu ya shuka na sabuni.

"Mtu amepotea miaka yote hiyo," Dobi akasema, "anarudi, anaambiwa habari za mbuzi!"

"Mbuzi atatoka," Karani akasema. "Mwacheni ale kwanza."

Mbuzi alikula wiki kadhaa. Kila Jumamosi tulimuuliza Karani, na kila Jumamosi alitikisa kichwa. Alisema yule wa ndani hajamwambia bado. Alisema huwezi kumwekea maneno mtu aliyefungiwa mlango na wewe uko nje. Alikonda. Binti yake, ambaye anauza dukani na ndiye aliyekuwa akimtunza, alikuja karakana siku moja kulalamika kwamba baba anaongea na ukuta.

"Baba mdogo, mwambieni aache," alimwambia Kiitikio. "Wimbo gani huo wa kumtoa mtu roho? Nani atauimba?"

Kiitikio alikuwa na misumari mdomoni, akasema "mm." Binti alipoondoka, Kiitikio aliitema. "Ana haki," akasema. "Hakuna wa kuuimba." Akairudisha.

Kisha ikawa siku moja ya katikati ya wiki. Karani hakuwa na desturi ya kuja siku hizo. Alitokea mlangoni kofia imekaa upande, kifungo cha shingo kiko wazi. Nilishtuka kuliona koo lake, sikuwahi kuliona.

"Nimeupata," akasema.

Kiitikio akatema misumari. "Sema."

"Shemeji yuko wapi?"

Dobi alikuwa amepeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa soko.

"Basi nitamngoja," Karani akasema, akakaa kwenye kochi la kijani lenye mguu mmoja mbovu. Alikuwa anatabasamu peke yake. Alikunywa maji. Akapiga mizani kwa vidole juu ya goti, na midomo inakwenda bila sauti, na Kiitikio alikuwa anaiangalia ile midomo kama paka anavyoangalia samaki kwenye ndoo.

"Karani, kaka yangu. Ninong'oneze tu. Nitajifanya sijasikia."

"Wewe? Ukisikia utaitika. Hujaumbwa kunyamaza."

"Naapa."

"Sheria ni sheria, Fundi. Tukila wawili atatunyang'anya sufuria."

Tukacheka. Jua likaingia mlangoni, likafika kwenye kochi, likapita. Dobi hakutokea. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameona doa kwenye shuka moja akamlazimisha alifue pale pale, mbele yake. Karani akainuka, akakifunga kifungo chake cha shingo, akaweka kofia sawa.

"Kesho, basi," akasema. "Mtu wetu amekaa miaka yote hiyo nje ya mlango, atashindwa kungoja mpaka kesho?"

Asubuhi yake alianguka bombani akinawa uso. Binti yake alimkuta maji yanamwagikia kifuani na macho yako wazi. Upande wa kulia wote ulikufa, na ulimi nao.

Nimesema ulimi ulikufa. Akili haikufa, na hapo ndipo lilipo tatizo. Tulipokwenda kumwona alitutambua mmoja mmoja. Alipomwona Dobi, jicho lake la kushoto likajaa, na mkono wa kushoto ukaanza kupiga kitandani, taratibu, vidole vinne, vinne, nane. Anahesabu mizani. Mstari ulikuwa humo ndani mzima mzima, nane na nane, na mlango umefungwa.

Dobi alitoka nje akashika ukuta. "Ningeyaacha yale mashuka," alisema. "Ningemwambia yule mama ajifulie mwenyewe. Doa lenyewe lilikuwa kutu ya kamba."

"Shemeji, usiseme hivyo," nilimwambia.

"Wewe usiniite shemeji. Anayeniita shemeji yuko humo."

Walijaribu kumpa kalamu mkono wa kushoto. Alichora kitu kama minyoo, akakitazama, akaitupa kalamu. Binti alileta herufi kubwa za kufundishia watoto, akamwonyesha moja moja, lakini herufi zilikuwa zimemtoka; mtu aliyeandika stakabadhi za maji za mji mzima hakujua tena A ni ipi. Akalia. Wakaziondoa.

Ndipo Kiitikio akaanza kazi ambayo hakuumbiwa. Kama Karani hawezi kuusema, akasema, basi tumtajie mistari mpaka tuuguse. Tukiugusa ataitika. Na kweli, Karani alikuwa anaelewa. Mstari mbaya aliufukuza kwa mkono wa kushoto, hivi, kama nzi. Dobi alimjaribu siku moja kwa mstari uliopungua silabi, na mzee yule, mdomo umepinda, aliinua kidole kimoja juu: umesahau moja. Tulicheka wote, hata yeye alitoa sauti. Siku ile tuliamini.

Kila alasiri Kiitikio alifunga karakana mapema, akapita kwa Karani na mstari mpya. Wateja walianza kunung'unika. Makochi yalikaa uchi, matumbo nje. Alinionyesha mistari yake njiani, akitoka jasho, na Dobi aliisikiliza kwanza mlangoni kwake na kuichambua kama dagaa.

"*Karibu mwandani wangu, ondoa hiyo baridi,*" Kiitikio anasema.

"Baridi iko kwenye mstari unaofuata. Unampa mgeni chakula kilekile kwenye sahani mbili?"

"Haya. *Sikujui ndugu yangu, rudi ulikofaidi.*"

"Huo una roho mbaya. Yule wa ndani hana roho mbaya. Angekuwa nayo angejibu mapema."

Wanapeleka hata hivyo. Mkono wa kushoto unafukuza nzi.

Niseme ukweli, mimi nilikuwa naona mtu anazama. Si Karani peke yake. Kiitikio aliacha kuunguruma akifanya kazi. Nyundo ilikwenda bila wimbo. Aliniambia siku moja, tukiwa tumekaa kwenye lile kochi la kijani ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, kwamba maisha yake yote amekuwa mtu wa kuitikia. "Mwenzangu anatangulia, mimi namfuata," alisema. "Sasa nimebaki nyuma ya mtu asiyekwenda mbele. Nimfuate wapi?" Nilimwambia kimoja cha vile vitu ambavyo watu huambiana, kwamba baada ya dhiki faraja. Aliniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Kisha ukaja ule mstari. Ulimjia kwenye foleni ya mafuta ya taa, si akiwa kazini. Alikimbia, mzee mzima, na kidumu kitupu mkononi, akasimama mlangoni kwa Dobi akihema.

"*Hata humu ndani mwangu, baridi imeshazidi.*"

Dobi alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mtu. Alisimama tu na pasi imesimama naye, na sote tulianza kusikia harufu, na alipoiinua kulikuwa na alama ya kahawia mgongoni mwa shati, umbo la pasi kamili na ncha yake. Katika miaka yote ile sijawahi kumwona anaunguza nguo.

"Sahani ni ileile," alisema taratibu. "Lakini chakula ni kingine."

Akauimba. Ubeti wote, sauti ya chini, na alipofika pale wa ndani anaposema naye anaganda humo humo, halafu kiitikio kikaja, *nifungulie mwenzangu*, hukujua tena ni nani anayemwambia mwenzake afungue. Kiitikio aliketi chini kwenye sakafu, kwenye mabaki ya sponji.

"Ndio wenyewe," akasema. "Dobi, ndio wenyewe. Si nilikuwa namwangalia midomo? Ilifunguka hivi mwishoni."

"Twende," Dobi akasema. Aliacha mkaa unawaka kwenye pasi. Hilo nalo sijawahi kuliona.

Kwa Karani chumba kilikuwa na giza, binti amefunga pazia kwa sababu mwanga ulimsumbua baba. Tulikuwa hatujafika siku mbili tatu, kwa sababu ya mvua. Alikuwa amelala uso umegeukia mlangoni. Kiitikio alipiga magoti karibu na mto, akamshika ule mkono wa kushoto, akausema mstari. Akausema polepole, kila silabi, kama anayemlisha mtoto.

Karani akatikisa kichwa. Kukubali. Juu, chini.

Lo! Dobi alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Kiitikio alikuwa analia na kucheka, anambusu Karani mkononi, anasema "Kaka yangu, kaka yangu, umefungua!" Na Karani anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mimi mwenyewe nilivua kofia, sijui kwa nini.

Binti alikuwa amesimama na kikombe. Hakuwa anacheka.

"Baba mdogo," akasema.

"Umeona mwanangu? Ameukubali!"

"Baba mdogo, ngoja." Akainama. "Baba, unataka maji?"

Karani akatikisa kichwa, ndiyo.

"Baba, hutaki maji, sivyo?"

Ndiyo.

"Baba, mimi ni nani? Mimi ni mama yako?"

Ndiyo, alisema kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo, kwa upole mkubwa, na jicho lile la kushoto lilikuwa linatazama mahali ambapo hakuna kitu.

"Tangu usiku ule wa mvua yuko hivi," binti akasema. "Nadhani kiharusi kilimrudia tena usingizini. Anakubali kila kitu. Nilitaka kuwaambia, sikupata mtu wa kumtuma."

Mkono wa kushoto ulikuwa umelala ndani ya mkono wa Kiitikio na haukuwa unahesabu. Kisha Kiitikio akafanya jambo ambalo Dobi alimwomba kwa macho asilifanye. Alimkaribia sikioni, akasema kwa sauti ileile, polepole vilevile:

"*Mbuzi kala shuka langu, na sabuni akazidi.*"

Ndiyo, akasema Karani. Ndiyo.

Hakukawia. Alikufa wiki hiyo hiyo, mchana, binti akiwa amekwenda dukani kuomba ruhusa.

Sasa, baada ya mazishi, watu wakiwa wamekaa uani, binti alikuja kwa hao wawili akasema baba alikuwa na wimbo, basi kama ulimtoa roho angalau watu wausikie. Dobi alikubali papo hapo. Nilikuwa karibu nao, nilisikia yote.

"Tutauimba na mstari wako," Dobi alimwambia.

"Si wangu kuuweka."

"Fundi! Aliukubali!"

"Alimkubali na mbuzi."

"Ulikuwa ndio wenyewe. Ulisema mwenyewe, midomo yake..."

"Nilisema kwa sababu nilitaka. Dobi, mimi sijui. Pengine ndio. Pengine alikuwa na mwingine ambao ukiusikia, huu wangu utautupa jalalani. Nikiuweka wangu pale, watu watasema Karani alisema hivi. Wa kwake utakuwa umekufa mara ya pili, na safari hii nimeuua mimi."

"Na ukimwacha mbuzi watatucheka. Watamcheka yeye, siku ya leo."

"Kigingi hung'olewa na aliyekipigilia," Kiitikio akasema. "Wewe ulikuwepo tulipokubaliana."

"Nilikuwepo!" Dobi alisema, na sauti ikapasuka. "Ndiyo sheria hizo hizo zilizotufikisha hapa!"

Lakini tuni ilikuwa yake na beti zilikuwa za Karani, na wimbo ulipaswa kuimbwa, wakaimba. Nilimsikia Dobi akiingia ubeti wa mwisho kama mtu anayeshuka ngazi gizani. *Nimegonga peke yangu.* Akina mama wengine walikuwa wameinamisha vichwa. *Ndani ya nyumba ya kwangu, sauti ikanirudi.* Hapo Dobi akanyamaza, hakuweza, na Kiitikio, ambaye hakuwahi kuimba ubeti maishani mwake, akauimba mstari wa tatu peke yake kwa sauti yake mbovu ya vumbi. Mbuzi. Shuka. Sabuni.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Wengine waliangaliana, wakadhani mzee amechanganyikiwa kwa msiba. Binti wa Karani alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Halafu watu, kwa adabu tu, wakaitikia, huku nje kuna baridi, juu juu, na wimbo ukaisha.

Haukuimbwa tena. Nani auimbe?

Dobi alihamisha pasi yake kwenye dirisha la upande wa pili. Hawakugombana kwa maneno. Wanasalimiana, anamfulia mashati, anampa kikombe cha chai akiwa nacho. Ila ule mlango usiofungika aliuwekea kabati la nguo, na tuni sijazisikia. Pasi inakwenda na kurudi kama pasi tu.

Mimi napita bado pale, nikiwa mtaa ule. Juzi nilimpelekea Kiitikio kiti changu cha kukunja, turubai limechanika. Alikikalia kwanza, kama kawaida yake, akakaa muda mrefu, ila hakukiambia kitu. Nilimwuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba muda wote huo. Nilimwambia, Fundi, tuko wawili tu, marehemu hatusikii. Ule mstari wako, wewe mwenyewe rohoni mwako, unadhani ndio aliokuwa nao?

Aliniangalia. Aliangalia lile kochi la kijani, ambalo bado lipo, mguu mbovu umewekewa tofali. Nadhani alikuwa anataka kunijibu, maana midomo ilifunguka.

Kisha akachukua kopo la misumari midogo, akamimina kiganjani, akaijaza mdomoni yote.

"Mm," akasema, akaanza kupigilia.